Somo la Redio: Kubadilisha Nyaya za Injini ya Boti

Maneno haya yalisomwa redioni katika kipindi cha madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili darasa liyasome tena polepole. Msimamizi wa darasa aandike ubaoni maneno haya kabla ya kuanza: waya, ganda, uti, mkono wa gia, eksileta, rafadha, pini, nati.

Kwa ndugu zetu wa Bujora, wa Kisesa, na wa mialo yote ya Ghuba ya Speke: mwadila. Kaeni vizuri, shikeni kalamu zenu, tuanze.

Labda mmoja wenu atauliza: "Bujora ni nchi ya vilima na mawe. Tuna makumbusho, tuna ngoma, tuna mashamba. Mambo ya boti yatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Kweli Bujora haikai ufukoni. Iko karibu kilometa 20 mashariki ya mji wa Mwanza, upande wa njia kuu ya kwenda Musoma. Lakini maji ya ghuba hayako mbali, na wengi wetu tuna ndugu mwaloni. Huyu avua dagaa, yule achuuza sangara, na sisi wengine twapanda boti kwenda visiwani kwa msiba, kwa harusi au kwa biashara. Mtu akipanda boti, uhai wake umo mikononi mwa nahodha. Na katika boti yenye usukani, mkono wa nahodha umeunganishwa na injini kwa nyaya mbili tu. Leo tutajifunza habari za nyaya hizo: jinsi zinavyofanya kazi, jinsi zinavyochakaa, na jinsi ya kuzibadilisha.

KAZI YA NYAYA MBILI

Katika mitumbwi mingi ya ziwa letu injini hufungwa nyuma, na mwenye kuiendesha hukaa papo hapo akishika mkono wake. Lakini katika boti kubwa zaidi nahodha hukaa mbele au katikati, penye usukani. Injini iko mbali naye, futi 10, 15 au zaidi. Basi karibu na usukani, au juu ya nguzo ya usukani, huwekwa kisanduku chenye mkono wa chuma. Nahodha akiusukuma mkono mbele, boti huenda mbele. Akiuvuta nyuma, boti hurudi nyuma. Akiuweka katikati, gia huwa huru, na rafadha husimama. Rafadha ni lile panga la injini linalosukuma maji.

Kutoka katika kisanduku hicho nyaya mbili hupita kando ya boti mpaka kwenye injini. Wa kwanza ni waya wa gia. Huo huingiza gia na kuitoa. Wa pili ni waya wa eksileta. Huo huongeza mwendo wa injini na kuupunguza.

Kila waya una sehemu mbili. Ndani mna uti wa chuma. Nje pana ganda la plastiki lenye nyuzi za chuma ndani yake. Uti husogea ndani ya ganda, lakini ganda halisogei, kwa sababu limefungwa imara ncha zote mbili. Ganda likilegea mahali lilipofungwa, nguvu za mkono wako hupotea njiani.

WAYA WA BAISKELI NA WAYA WA BOTI

Ninyi nyote mwaijua baiskeli. Breki zake nyingi hutumia waya ulio ndani ya ganda. Ukibana breki, waya huvutwa. Ukiachia, springi huurudisha. Basi waya wa baiskeli kazi yake ni moja: kuvuta.

Waya wa boti kazi yake ni mbili: kuvuta na kusukuma. Fikirini kamba. Ukiivuta, mzigo wakufuata. Ukiisukuma, kamba yakunjika na mzigo haujongei. Ndiyo sababu uti wa waya wa boti ni mnene na mgumu, nao hukaa katika ganda lisilomwachia nafasi ya kujikunja.

Shikeni sana jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu. Waya uliochakaa huenda ukaweza bado kuvuta, lakini usiweze kusukuma. Maana yake ni kwamba unaweza kuingiza gia, kisha usiweze kuitoa. Boti itakubali kuondoka; itakataa kusimama. Kwa sababu hiyo pia, usitie waya wa baiskeli wala waya wa kufungia mizigo mahali pa waya wa boti.

NAHODHA NA FUNDI

Sasa tusikilize mfano. Tuseme nahodha mmoja kijana amekwenda kwa fundi mzee jioni.

NAHODHA: Shikamoo, mzee.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Habari za majini?

NAHODHA: Njema, mzee, ila mkono wa gia umekuwa mzito. Naomba unitilie grisi kidogo. Kesho ni siku ya gulio, nina abiria.

FUNDI: Umekuwa mzito tangu lini?

NAHODHA: Yapata majuma mawili. Nilidhani utalainika wenyewe. Lakini leo nilipofika mwaloni nilirudisha mkono katikati, na boti ikazidi kwenda. Nikazima injini kwa ufunguo.

FUNDI: Na pale mwaloni palikuwa na nani?

NAHODHA: Kina mama walikuwa wakiosha dagaa. Na watoto wakioga.

FUNDI: Umbali gani kutoka penye boti?

NAHODHA: Kama urefu wa kasia, mzee.

FUNDI: Basi hilo si jambo la grisi. Lete taa, twende tukaangalie.

Ndugu wasikilizaji, mmesikia. Waya ulimwonya kijana huyu majuma mawili. Waya wa boti mara nyingi haukatiki pasipo kutoa habari. Dalili zake ni hizi:

1. Mkono unakuwa mzito, au unakwama mahali pamoja.
2. Mkono unacheza: wausogeza kidogo, na injini haijibu.
3. Gia inaingia kwa mlio wa kusaga, au haiingii sawasawa.
4. Injini haipungui mwendo ukirudisha mkono.
5. Ganda limepasuka, limevimba, au lina kutu kwenye ncha.

Ukiona hata moja, usingoje ya pili.

Na kwa nini waya huchakaa? Adui wa kwanza ni maji. Ziwa letu halina chumvi kama bahari, lakini maji baridi nayo hula chuma. Maji yakiingia penye ufa wa ganda, kutu huanza ndani usipoiona. Adui wa pili ni kona kali. Waya uliokunjwa sana hujisaga wenyewe kila unaposogea. Adui wa tatu ni kufungwa vibaya: mtu hukaza kamba juu ya ganda mpaka likabonyea, au huweka nanga na magunia juu yake.

KWANZA TAFUTA UGONJWA ULIPO

Ukienda Bujora katika makumbusho ya Wasukuma, utaona nyumba ya mhunzi na vyombo vyake. Mhunzi hukitazama chuma kwanza, ndipo hukipiga nyundo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Tusitupe fedha kwa waya mpya ikiwa ugonjwa uko penginepo.

Fundi wetu alifanya hivi. Kwanza alizima injini, akatoa ufunguo, akaondoa na kamba ya kuzimia injini. Kisha akautoa waya wa gia kwenye injini. Akamwambia kijana: "Sogeza mkono." Mkono ukawa mzito vile vile. Basi walijua kuwa ugonjwa hauko katika injini. Kama mkono ungekuwa mwepesi, wangetafuta kosa kwenye vyuma vya gia vya injini.

Halafu fundi alifungua kisanduku, akatoa ncha ya pili ya waya. Akasema tena: "Sogeza mkono." Sasa mkono ukawa mwepesi. Basi kisanduku nacho hakina kosa. Mwisho akashika uti wa waya kwa vidole, akauvuta. Ulikuja kwa shida. Akausukuma. Ukakataa kabisa. Ugonjwa ulikuwa ndani ya waya.

Kijana akauliza kama mafuta yakimiminwa ndani ya ganda hayatasaidia. Fundi akamjibu kuwa waya wa namna hii hutoka kiwandani ukiwa umekwisha kulainishwa na kuzibwa. Ukishakuwa mgumu ndani, kutu imekwisha kula, au bitana ya ganda imeharibika. Mafuta hayarudishi chuma kilicholiwa. Grisi ni ya ncha tu, penye pini na viungo. Na waya uliokatika hauungwi.

KUNUNUA WAYA MPYA

Hapa ndipo kusoma kunapofaa. Pangusa ganda la waya wa zamani kwa kitambaa. Mara nyingi utaona namba zimeandikwa, na huenda urefu wake umo, kwa futi au kwa mita. Ziandike katika daftari kama zilivyo, herufi kwa herufi. Kama zimefutika, toa waya mzima na kuupima toka ncha hata ncha.

Usipime kwa kukisia urefu wa boti, kwa sababu waya haupiti njia iliyonyooka. Waya mfupi utavutwa na kukunjwa kwenye kona. Waya mrefu mno utazunguka bure na kuwa mzito. Nenda dukani na waya wa zamani mkononi, ulinganishe ncha zote mbili: unene wa nyuzi za kufungia nati, na namna ya kiungo. Ikiwa nyaya zote mbili zilitiwa siku moja, na mmoja umekufa, wa pili nao ni mzee. Ni afadhali kununua zote mbili.

KAZI YENYEWE

Boti iwe nchi kavu, au ifungwe imara mahali pasipo mawimbi. Asubuhi yafaa, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma. Mtu asivute sigara, maana petroli iko karibu. Uwe na spana, koleo, bisibisi, utepe, kamba nyembamba iliyo imara, grisi na pini mpya.

Hatua ya kwanza: andika. Kata vipande vinne vya utepe. Juu ya viwili andika herufi G, yaani gia. Juu ya viwili andika E, yaani eksileta. Bandika G kwenye ncha zote mbili za waya wa gia, na E kwenye ncha zote mbili za waya wa eksileta. Nyaya hizi hufanana kama pacha. Mtu akizibadilisha mahali, kule anakotaka gia atapata mwendo. Herufi moja iliyoandikwa vizuri yaweza kuzuia ajali.

Hatua ya pili: badilisha waya mmoja mmoja. Usitoe zote mbili kwa pamoja. Ule uliobaki utakuonyesha jinsi mwenzake alivyofungwa.

Hatua ya tatu: weka alama. Kabla ya kutoa kiungo cha ncha, hesabu nyuzi za nati zinazoonekana, uziandike. Tazama pini inaingia tundu gani. Kama kuna matundu mawili, chora picha ndogo.

Hatua ya nne: vuta. Funga kamba nyembamba kwenye ncha ya waya wa zamani, kisha uvute waya utoke upande wa pili. Kamba itabaki ndani ya njia. Funga ncha ya waya mpya kwenye kamba hiyo, uizungushie utepe ili uchafu usiingie, kisha mwenzako avute taratibu nawe ukiusukuma. Ukikwama, rudisha kidogo. Usitumie nguvu.

Hatua ya tano: panga njia. Kona ziwe pana. Kwa nyaya za kawaida, duara la kona lisiwe dogo kuliko sufuria yenye upana wa inchi 16. Waya usiguse mahali pa moto wala ncha kali. Ufunge kwa kamba isiyobonyeza ganda. Karibu na injini acha nafasi, kwa sababu injini hugeuka kushoto na kulia, na waya hauna budi kugeuka nayo.

Hatua ya sita: funga ncha. Weka mkono katikati, na gia ya injini iwe huru. Skrubu kiungo kwenye ncha ya waya mpaka tundu lake likae sawa na pini yake. Pini iingie yenyewe kwa vidole. Ikiwa ni lazima kuigonga, urefu haujawa sawa, rekebisha kiungo. Lakini kiungo kisishike kwa nyuzi mbili au tatu tu, maana kitachomoka. Kaza nati ya kuzuia, kisha tia pini mpya. Usitie msumari mahali pa pini. Anza na gia, kisha eksileta. Kwa eksileta, mkono ukiwa katikati, chuma cha eksileta kwenye injini kiwe kimefika mwisho wake wa mwendo mdogo. Paka grisi ncha zote.

KUJARIBU

Usiwashe injini bado. Ufunguo uwe mfukoni mwako, na nyaya za plagi ziwe zimetolewa. Mmoja asogeze mkono polepole, mwingine atazame injini na kuzungusha rafadha kwa mkono ili meno ya gia yashikane. Mkono ukiwa mbele, rafadha ishike. Mkono ukiwa katikati, rafadha izunguke bure. Mkono ukiwa nyuma, ishike tena. Rudieni mara kumi.

Kisha rudisha nyaya za plagi. Funga boti kwa kamba imara mahali penye kina cha kutosha, na uhakikishe hapana mtu majini. Washa. Ingiza gia, toa gia. Rafadha isimame kila mkono unapofika katikati. Halafu, gia ikiwa huru, zungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia. Sikiliza sana. Mlio wa injini ukipanda au kushuka wakati wa kugeuza, waya unavutwa mahali fulani. Zima, uirekebishe njia yake. Boti nyingine hazikubali kuwashwa gia ikiwa ndani. Kama yako ina ulinzi huo, hakikisha bado unafanya kazi.

WAYA UKIKATIKA MAJINI

Zima injini kwa ufunguo au kwa kamba ya kuzimia. Kila mtu avae jaketi la kuokolea na kukaa chini. Tia nanga kama kina chakubali, au shika kasia ili boti ielekeze uso kwenye mawimbi. Piga simu au toa ishara kwa boti nyingine. Fundi aweza kufungua kifuniko cha injini na kutoa gia kwa mkono, lakini injini iwe imezimwa kwanza. Ukivutwa na boti nyingine, msiingie mwaloni mpaka kina mama na watoto wametoka majini.

MWISHO WA HADITHI

Nahodha wetu hakuchukua abiria siku ile ya gulio. Alikosa nauli, na abiria wake wengine walipanda boti ya mwenzake. Aliudhika, kwani naye ana watoto wa kulisha. Siku hiyo alikwenda mjini kwa basi, waya wa zamani umeviringishwa begani, akarudi na nyaya mbili mpya. Waliupasua ule wa zamani kwa kisu. Karibu na nguzo ya usukani, penye kona, uti ulikuwa umeliwa na kutu hata ukabaki mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kijana aliutazama kwa muda mrefu, akakumbuka urefu ule wa kasia. Kesho yake alipoingia mwaloni alirudisha mkono katikati, na rafadha ikasimama.

Wasikilizaji, mwaka 1968 ulipoanza mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa katika mikoa yetu ya Ziwa, watu walifundishwa kusoma kwa maneno ya kazi zao wenyewe, kama pamba na uvuvi. Shabaha ilikuwa kwamba herufi zifanye kazi pamoja na mikono. Leo mmeziona herufi mbili, G na E, zikifanya kazi juu ya kipande cha utepe. Na wewe usiye nahodha, unayo kazi pia. Ukipanda boti, mtazame nahodha anapoondoka. Ukiona anapigana na mkono wa gia, muulize kwa adabu: "Nahodha, huu umekuwa mzito tangu lini?"

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA DARASA

1. Taja nyaya mbili za injini na kazi ya kila mmoja.
2. Waya wa boti una tofauti gani na waya wa breki ya baiskeli?
3. Fundi alijuaje kuwa ugonjwa hauko katika injini wala katika kisanduku?
4. Kwa nini tubadilishe waya mmoja mmoja?
5. Andika katika daftari lako dalili tatu za waya uliochakaa.
6. Zungumzeni: Kama ungekuwa mwenye boti, ungemfanyia nini nahodha anayekosa nauli kwa sababu ya kutengeneza?